Usione Vyaelea: Majibu kwa Wanaotafuta Msanifu wa Tovuti

Barua za safari hii zimerudia jambo moja kwa sauti tofauti: nitamjuaje msanifu wa tovuti aliye mzuri, na mimi niliye msanifu nitajulikanaje? Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo kwa miaka 19. Nimeajiri, nimekataliwa, na mara mbili nimechagua mtu vibaya kwa namna ambayo hadi leo naikumbuka. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko nyingine, kwa sababu humo ndimo kilimo kiini cha zote.

SWALI: Mshauri, salamu. Mimi ni katibu wa chama kidogo na tumeamua kutengeneza tovuti yetu upya. Walioomba kazi tumewachuja, wamebaki watatu. Wa kwanza ana picha za kazi zinazong'aa, kamati nzima imempenda. Wa pili bei yake ni nusu ya wenzake. Wa tatu ametuonyesha kazi nne tu, za kawaida, ila ana blogu anamoeleza kazi zake. Nilisoma makala zake tatu usiku mmoja. Katika moja ameeleza jinsi alivyopunguza menyu ya vipengele 11 hadi vitano, kisha akakiri kwamba viwili ilibidi avirudishe kwa sababu watu walivitafuta wasivione. Moyo wangu uko kwake lakini nashindwa kuieleza kamati sababu. — Katibu

JIBU: Ndugu Katibu, sababu unayo, na umeiandika mwenyewe: ni vile vipengele viwili vilivyorudishwa.

Picha ya ukurasa huonyesha mwisho wa safari tu. Haisemi nani alifanya nini. Tovuti moja hupita mikono mingi: mwandishi, mpiga picha, mwandika msimbo, na mteja aliyeng'ang'ania rangi yake hadi ikawekwa. Mtu anaweza kuiweka picha hiyo katika mkusanyo wa kazi zake ilhali alichosanifu ni fomu ya mawasiliano peke yake. Hadanganyi, kweli alikuwepo. Ila ninyi mnaotazama mtamhesabia ukurasa mzima. Tena picha haina mtandao wa polepole, haina mtu anayetafuta namba ya simu kwa haraka, haina kichwa cha habari chenye maneno 14 mahali palipochorewa maneno matatu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kamati yenu imeviona vinaelea. Wewe usiku ule uliona vinavyoundwa.

Nitakueleza kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa sita kazini nilimwajiri kijana kwa sababu ya kurasa tatu nzuri ajabu. Tulipompa maandishi halisi ya mteja, yenye majina marefu ya idara na majedwali ya safu nane, alikwama. Alikuwa amezoea kuchora kurasa ambazo maneno yake aliyatunga mwenyewe ili yaenee kwenye mchoro. Wiki ya tatu akaniomba nimshawishi mteja afupishe majina ya idara zake. Hakuwa mvivu, wala jicho lake halikuwa baya. Mimi ndiye niliyekosea: katika usaili niliisifu kazi yake kwa nusu saa na sikumwuliza hata swali moja juu yake.

Mtu anapoandika jinsi alivyofikia uamuzi fulani, huwa anaonyesha kitu ambacho picha haiwezi kukionyesha kamwe, nacho ni kile alichokiacha. Kusanifu kwa sehemu kubwa ni kuacha. Msanifu huyu wa tatu alijaribu menyu ya vipengele vitano, akatazama watu wanavyohangaika, akarudisha viwili, kisha akayasema hayo hadharani mahali ambapo wateja wajao watayasoma. Hapo pana mambo mengi kwa mkupuo mmoja: huwatazama watumiaji, hubadili mawazo anapoona ushahidi, na hafichi. Tovuti yenu itakuwa na makosa, hilo halina shaka, kila tovuti huwa nayo. Mnayemtafuta ni mtu atakayeyaona makosa hayo akawaambia.

Hata hivyo usiende kwenye kamati na blogu peke yake. Kuna wanaoandika vizuri kuliko wanavyosanifu, na kuna wasanifu hodari wasioandika hata mstari. Kinyozi hajinyoi. Nawajua wawili ambao tovuti zao wenyewe hazijaguswa kwa miaka kwa sababu kila saa yao imo katika kazi za watu. Blogu ni dirisha la kuchungulia ndani. Asiye na dirisha, mfungulie mlango: mkalishe, mchague ukurasa mmoja aliousanifu, na umwulize nani wengine walishiriki, alijaribu nini akakitupa, na leo angebadili nini. Aliyeisanifu kweli atazungumza bila kukoma, na mara nyingi ataanza na kitu kinachomkera katika kazi yake. Asiyeisanifu atakuambia ilipendwa sana.

Zile kazi nne za kawaida nazo zipimeni, na za yule wa kwanza pia, si kwa kuzitazama bali kwa kuzitumia. Zifungueni kwenye simu ya mjumbe mwenye simu kuukuu kuliko wote. Kwenye kompyuta, acheni kipanya, mtembee kwa kitufe cha Tab peke yake muone kama mnaweza kufika kwenye fomu na kuituma. Kuzeni maandishi hadi asilimia 200: yakipandana au yakikatika, aliyesanifu hakumfikiria mtu mwenye macho hafifu. Jaribio lote halimalizi dakika kumi, na nimeona likigeuza mawazo ya kamati zilizokuwa zimeshaamua.

Kisha wapeni kazi ndogo ya kulipwa, ile ile kwa wote. Wazo hili nililipata zamani kutoka CSS Zen Garden, tovuti aliyoianzisha msanifu wa Kanada, Dave Shea, mwaka 2003. Aliweka ukurasa mmoja wa HTML, yaani msimbo unaobeba maandishi na muundo wa ukurasa, wenye maneno yale yale na mpangilio ule ule, akawaalika wasanifu watume faili la CSS tu, yaani lile linaloamuru rangi, nafasi na maumbo. Kurasa zilizotoka hazikuwa na sura moja hata kidogo. Wakati huo wengi bado walikuwa wakipanga kurasa kwa majedwali, na Zen Garden iliwafumbua macho kuhusu uwezo wa CSS. Mimi ilinifundisha jambo jingine: ukitaka kujua tofauti ya wasanifu, usiache kila mmoja ajichagulie maneno. Chukueni maandishi yenu halisi, kurasa mbili, zile ngumu hasa, mwape wote watatu na mlipie nusu siku ya kila mmoja. Atakayerudi na maswali kabla ya kurudi na mchoro, mwangalieni kwa makini.

Kuhusu bei ya nusu, mwulizeni tu bei hiyo inajumuisha nini na haijumuishi nini. Jibu lake litawatosha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23 na huu ni mwaka wangu wa pili wa kusanifu tovuti. Nilianzisha blogu, nikaandika makala nne, nikaacha. Rafiki zangu wanasema watu siku hizi hutazama video, hakuna anayesoma blogu. Niendelee? Na niandike nini ilhali waliobobea wameshaandika kila kitu? — Msanifu Chipukizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea.

Nadhani kilichokukwamisha ni kudhani kwamba blogu ni mahali pa kufundishia, basi anayeandika sharti awe amebobea. Asili yake si hiyo. Neno "weblog" lilitungwa na Jorn Barger mwezi Desemba 1997, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata likabaki "blog". Maana yake ni daftari la kumbukumbu, mfano wa lile ambalo nahodha huandika humo alikopita, upepo ulivyokuwa na kilichoharibika njiani. Nahodha hangoji kuijua bahari yote ndipo aandike. Huandika kwa sababu leo amepita mahali fulani.

Basi usiandike "Misingi ya Rangi". Hayo kweli yameshaandikwa. Andika kwamba mteja alitaka kitufe kiwe chekundu, kwamba chekundu kwenye ukurasa ule kilikuwa tayari kinamaanisha kosa katika fomu, kwamba ulijaribu njia mbili, na kwamba ulichagua ya pili kwa sababu hii. Uamuzi mmoja, makala moja. Weka picha ya kabla na ya baada. Mwombe mteja ruhusa kwanza, na akikataa, badili kila kitu kinachomtambulisha. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa kwenye kazi ile, kwa hiyo hakuna aliyekutangulia kuiandika.

Usidharau pia uwezo wa maelezo mazuri. Mwezi Mei 2010 Ethan Marcotte aliandika makala katika jarida la mtandaoni A List Apart kuhusu usanifu unaojirekebisha kulingana na upana wa skrini. Wakati huo ilikuwa desturi kujenga tovuti ya kompyuta na nyingine ya pembeni kwa ajili ya simu. Vipande alivyovitumia, yaani gridi inayonyumbulika, picha zinazosinyaa na kanuni za CSS zinazopima skrini, kwa sehemu kubwa vilikuwepo tayari. Yeye aliviunganisha, akavipa jina, akaeleza kwa mfano mmoja ulioeleweka. Naikumbuka siku niliyoisoma. Nilikuwa na mradi nusu njia, wenye tovuti mbili za mteja mmoja, na nilijua hapo hapo kwamba moja itabidi niitupe. Niliitupa. Mradi ulichelewa wiki tano na sijajuta.

Unauliza nani atasoma. Wachache. Makala iliyoniletea kazi kubwa kuliko zote maishani ilisomwa na watu wasiofika 200 kwa mwaka mzima. Ilihusu jedwali la ratiba lisiloenea kwenye skrini ndogo, na jinsi nilivyoligeuza safu zikawa mistari. Mmoja wa wasomaji wale alikuwa na jedwali kama lile. Aliponipigia simu hakuniuliza nimesoma wapi wala nina kazi ngapi. Aliniuliza kwa nini sikuficha baadhi ya safu, tukazungumza saa nzima. Ulikuwa ni usaili, nami sikujua.

Andika kwa namna ya kusomeka kwenye skrini. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alipochunguza watu wanavyosoma kurasa za intaneti mwaka 1997 alikuta asilimia 79 huperuza tu kila wakutanapo na ukurasa mpya, na asilimia 16 tu ndio husoma neno kwa neno. Kwa hiyo vichwa vidogo vyako viseme jambo, aya ziwe fupi, na mistari isizidi herufi 75 hivi kwa upana. Blogu ya msanifu isiyosomeka humwondolea kazi huyo msanifu, nami nimewahi kumwacha mwombaji kwa sababu hiyo. Maandishi yake yalikuwa membamba mno na madogo mno, na alikuwa akiandika kuhusu usomekaji.

Jambo la mwisho, na hili nalisisitiza: andika kwenye jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lililo lako, na utunze nakala rudufu ya kila makala. GeoCities, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, ilikuwa na mamilioni ya kurasa za watu, na ilipofungwa mwaka 2009 waliokuwa hawana nakala walibaki kutegemea wahifadhi wa kujitolea walioziwahi baadhi. Unachokiandika leo ukiwa na miaka 23 utakitaka utakapofika arobaini.

SWALI: Kampuni moja imetualika wasanifu sita, kila mmoja aandae ukurasa wa mwanzo kamili bila malipo, kisha watachagua mmoja. Nilipolalamika nikaambiwa hata ile alama ya Nike ilichorwa kwa dola 35. Nishiriki? — Mwenye Mashaka

JIBU: Usishiriki. Na kisa hicho wanakielekeza vibaya. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa usanifu alipochora alama ile mwaka 1971, na dola 35 alizipokea kwa kazi aliyotumwa yeye. Hazikuwa nyingi, lakini alilipwa, na mwaka 1983 kampuni ikampa hisa. Ninyi mnaambiwa mfanye kazi sita ili ilipwe moja.

Kinachoniudhi zaidi si fedha. Ni kwamba shindano la namna hiyo haliwezi kumtambua msanifu mzuri hata wakilipa. Ukurasa wa mwanzo uliochorwa bila kuzungumza na mwenye kazi ni ubashiri, na atakayeshinda ni aliyebashiri ladha ya bosi.

Kuna kisa kingine ninachopenda zaidi. Mwaka 1986 Steve Jobs alimwomba msanifu wa Marekani, Paul Rand, achore alama ya kampuni yake mpya ya kompyuta, NeXT, kwa dola 100,000. Jobs alipotaka aletewe mapendekezo kadhaa achague, Rand alikataa. Alileta moja, pamoja na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua alivyofikia alama ile. Sisemi wewe nami tunaweza kuweka masharti ya Rand, ambaye kufikia hapo alikuwa amefanya kazi miongo mingi. Nakutaka ukitazame kile kijitabu. Hata mtu wa kimo chake aliona mchoro haujitoshelezi, akaona mteja anastahili kujua ulivyopatikana.

Waandikie kampuni hiyo kwa heshima: kwamba hutachora bure, ila uko tayari kukaa nao saa moja bila malipo, uipitie tovuti yao ya sasa na kuwaeleza unachokiona. Wenye nia ya kweli ya kuchagua mtu huikubali saa hiyo. Mimi nimepewa kazi namna hiyo mara nne.

SWALI: Msanifu wetu wa zamani tumekosana naye. Sasa tumegundua jina la kikoa amelisajili kwa jina lake. Tovuti ni yetu au yake? — Tuliokwama

JIBU: Poleni sana. Anayetambuliwa na msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya vikoa, ni yule aliyeandikwa kama mwenye usajili, kwa hiyo kwa sasa mkono wake ndio wenye ufunguo. Anzeni kwa upole, kabla ya wakili: mwombeni kwa maandishi abadilishe jina la mwenye usajili liwe la taasisi yenu, au awape msimbo wa kuhamishia kikoa kwa msajili mwingine. Wakati huo huo kusanyeni risiti za malipo, mkataba kama upo, na barua pepe zinazoonyesha kwamba alisajili kwa niaba yenu. Chunguzeni pia tarehe ya kuisha kwa usajili, maana kikoa kikiachwa kiishe kinaweza kuchukuliwa na mtu mwingine kabisa na ugomvi wenu ukakosa maana.

Mkiajiri mwingine, sajilini ninyi, kwa barua pepe ya taasisi na si ya mfanyakazi, kisha mpeni yeye ruhusa ya kuingia. Msanifu mwema atawaambia mfanye hivyo kabla hamjamwuliza. Mimi hukataa kushika nywila ya msajili wa mteja hata akinibembeleza.

SWALI: Msanifu wetu ameweka maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Tukimwambia wasomaji wetu wenye umri mkubwa hawaoni, anasema ndio mtindo wa kisasa na kwamba sisi si wataalamu. Nani mwenye haki? — Mhariri wa Jarida la Wastaafu

JIBU: Wasomaji wenu. Hapa hakuna haja ya kubishana kuhusu ladha, kwa sababu kuna kipimo. Mwongozo wa ufikivu (wa kuwawezesha watu wote, hata wenye ulemavu, kutumia tovuti) wa W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, toleo la 2.0 la mwaka 2008 na yaliyofuata, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Mwombe akupe namba ya rangi yake. Juu ya nyeupe, kijivu #767676 kinapita kwa shida. #777777, ambacho jicho haliwezi kukitofautisha nacho, tayari kimeshindwa. Na #999999, ambacho nakikuta kila mahali, kiko chini ya 3 kwa 1. Vikokotoo vya kupima hayo vipo bure mtandaoni, na ni kazi ya nusu dakika.

Mimi kwa jarida la wastaafu ningeshuka hadi #333333, kijivu kilichokoza zaidi, na kuongeza ukubwa wa herufi juu yake. Mpelekee namba hizo bila maneno makali, huenda hakuna aliyewahi kumwonyesha. Akiendelea kushikilia mtindo wake, mwalikeni akae siku moja na wasomaji wenu watatu, awatazame wakijaribu kusoma ukurasa wake mbele yake, bila yeye kuwasaidia.